Je, Mazoezi ya Ubongo Yaweza Kumfundisha Mtu Mzima Kuishi na Watu?

Huenda katika nyumba yako yuko mtu ambaye habari hizi zamhusu. Labda ni kaka yako, au binti yako, au mjomba wako. Yeye si mtoto tena. Amekwisha kupita miaka 20, pengine 35. Anasema vizuri, anakula vizuri, na kazi ya mikono anaijua. Lakini mgeni akiingia nyumbani, hamtazami usoni. Ukimwuliza habari za safari, atakuhesabia madaraja yote ya njiani, moja moja, wala hatakoma hata ukipiga miayo. Watu wakicheka kwa mzaha, yeye huuliza wanacheka nini. Mtu akimwambia kwa adabu tu, "Karibu kesho," basi kesho alfajiri atakuwa amesimama mlangoni pa mtu huyo, maana aliambiwa karibu. Kelele za soko humwumiza masikio mpaka hukimbia. Mkihamisha kiti chake, siku yote imeharibika.

Kama mambo haya yalikuwako tangu utoto wake, yawezekana ni hali ile waganga waitayo otizimu. Wengine huiita usonji. Si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza, wala si ulozi. Ni namna ubongo ulivyojengwa tangu mwanzo wa maisha, na mara nyingi hali hii hupita katika ukoo. Kwa miaka mingi waganga wengine wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba mama asiye na upendo ndiye aliyeileta. Mafundisho hayo yalikuwa ya uongo, nayo yaliwaliza wamama wengi bure. Basi na sisi tusifanye lilelile kwa jina lingine, kwa kumtafuta bibi mzee wa kijiji ili tumtwike lawama.

Sasa limekuja jambo jipya. Katika telefone na kompyuta mna michezo iitwayo mazoezi ya ubongo. Tangazo lasema: cheza dakika chache kila siku, nawe utakumbuka zaidi, utafikiri upesi zaidi. Jamaa wenye mtu wa namna hii wakisikia hayo huuliza: Tukimnunulia telefone ya michezo hii, je, atajua kuongea na watu? Atapata kazi? Ataweza kuoa? Ni swali la haki. Lastahili jibu la kweli, maana feza ya nyumba si nyingi, na matumaini nayo huchoka yakidanganywa mara nyingi.

Jibu ni hili: mchezo peke yake, hapana. Lakini mazoezi yafanywayo pamoja na watu, kwa muda mrefu, na mtu wa kuongoza akiwapo, yaweza kusaidia kwa kiasi. Sikilizeni sababu.

Mchezo hufundisha mchezo

Mtu apigaye kasia kila siku hupata mikono yenye nguvu, na nguvu ileile humfaa akipasua kuni. Watu hufikiri kwamba ubongo nao ni hivyo: uupe kazi yo yote, nao utakuwa hodari katika kazi zote. Sivyo. Mtu akizoea kukumbuka mahali pa picha kumi katika kioo cha telefone, atakuwa hodari wa kukumbuka picha katika kioo cha telefone. Hilo halimfundishi kujua kwamba shangazi yake amekasirika.

Mwaka 2016 wachunguzi kadhaa walikusanya na kupima kazi zilizokwisha kuandikwa juu ya michezo hii. Waliona kwamba mchezaji huendelea sana katika mchezo aliouzoea, huendelea kidogo katika michezo iliyo karibu nao, na kwa mambo ya maisha ya kila siku ushahidi ni haba. Januari ya mwaka uleule kampuni moja ya Marekani, Lumos Labs, wenye michezo ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2. Serikali ya nchi ile ilikuwa imeishitaki kwa kutangaza kwamba michezo yake husaidia kazini, shuleni, na hata katika magonjwa, bila ushahidi wa kutosha. Kumbukeni jambo hili tangazo lijapo katika telefone zenu.

Lakini pengine utasema: Michezo ile haikutengenezwa kwa watu wa otizimu. Je, ikitengenezwa kwa ajili yao? Hili nalo lilijaribiwa. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitengeneza mafundisho ya kompyuta yenye hali 412 za moyo: furaha, haya, wivu, mashaka, na nyingine nyingi. Kila hali ilionyeshwa kwa nyuso na sauti za watu. Watu wazima wenye otizimu walijifunza kwa majuma 10 hadi 15, na matokeo yaliandikwa mwaka 2006. Walijifunza kweli. Nyuso na sauti za mafundisho yale walizitambua vizuri kuliko mwanzo. Lakini walipopewa mambo yaliyo mbali na yale waliyozoea, hawakuwashinda wenzao wasiofundishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Uso katika kompyuta hukungoja. Unaweza kuutazama mara tano. Uso wa jirani haungoji, na nyuma yake kuna mbuzi, watoto, redio, na jirani wa pili anayesema wakati uleule.

Kazi ya Pittsburgh

Mjini Pittsburgh, Marekani, yako mafundisho yaliyoanza kwa ajili ya wagonjwa wa akili wa namna nyingine, wale wenye skizofrenia. Baadaye Shaun Eack na wenzake waliyageuza yawafae watu wazima wenye otizimu. Mwaka 2018 waliandika matokeo ya jaribio la watu 54. Walikuwa watu wawezao kusema, wenye akili ya masomo ya kutosha. Hilo lazima tuliseme, ili asiyesema kabisa asitazamiwe kupata yaleyale. Watu hao waligawanywa kwa kura, na jaribio lilidumu miezi 18.

Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya kompyuta ya kuangalia, kukumbuka na kufikiri. Lakini hawakufanya mmoja mmoja. Walikaa wawili wawili, kila mtu na mwenzake, wakitiana moyo na kushauriana, na mwalimu kando yao. Tena kila juma walikusanyika kikundi kidogo kujifunza mambo ya watu: jinsi ya kufahamu mwenzako anaona nini kutoka mahali pake, jinsi ya kufupisha maneno marefu ili msikiaji asichoke, jinsi ya kujua desturi ya mahali ambayo hakuna aliyekwambia. Kundi la pili halikupewa kompyuta. Kila mmoja alikutana na mshauri, akafundishwa juu ya hali yake mwenyewe na jinsi ya kutuliza moyo wakati wa taabu.

Yalionekana nini? Katika kuangalia na kufikiri upesi, kundi la kwanza liliendelea zaidi. Katika kuwafahamu watu, kundi la kwanza lilitangulia miezi 9 ya kwanza. Lakini miezi 18 ilipotimia, makundi yote mawili yalikuwa yameendelea sana, wala hayakuachana. Tena katika kundi la kwanza waliopata kazi ya mshahara walikuwa wengi zaidi.

Fikirini maana yake. Wale wasiogusa mazoezi ya kompyuta nao walifika. Walikuwa na nini? Walikuwa na mtu mwenye subira aliyekutana nao muda mrefu, akawaeleza hali yao bila kuwadharau. Kwa maoni yangu hilo ndilo neno la kushika kuliko yote katika kazi ile, ingawa habari za kompyuta ndizo zinazopendwa na magazeti. Hata hivyo tusiidharau kompyuta: kuangalia vizuri na kukumbuka vizuri vilifuatana na kupata kazi, na mwenye kazi hukutana na watu kila siku. Watu 54 si wengi, lakini jaribio lilifanywa kwa uangalifu.

Huko Los Angeles, katika chuo kikuu cha mji ule, walijaribu njia nyingine isiyo ya michezo ya ubongo kamwe. Mwaka 2012 waliandika habari za vijana 17 wa miaka 18 hadi 23. Walifundishwa mambo madogo madogo: jinsi ya kuingia katika maongezi ya wengine, jinsi ya kupiga telefone, jinsi ya kumjibu mtu anayekuchokoza. Mzazi au mlezi alifundishwa wakati uleule katika chumba kingine. Kisha walipewa kazi ya nyumbani: nenda, ukaribishe mtu, mkae pamoja, urudi utueleze. Upweke ulipungua, na vijana walianza kukutana na wenzao mara nyingi zaidi.

Kijana aliyehesabu mistari ya mahindi

Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja, kwa kuwa habari zake zimeandikwa tangu utoto mpaka kufa. Mwaka 1943 munganga Leo Kanner wa Baltimore aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza katika maandiko yake alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, Mississippi. Mtoto huyo alipenda hesabu na kuzungusha vitu, na watu kama hakuwaona. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kumweka katika nyumba ya kutunzia watoto, kisha wakamrudisha.

Alipokuwa na miaka kama 9 walimpeleka kukaa kwa mkulima mmoja na mke wake, si mbali na kwao. Watu hao hawakuwa waganga. Waliona kwamba mtoto anapima kila kitu. Wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwapasha habari za kina chake. Waliona anahesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kukoma. Wakampa plau na farasi, ahesabu mistari huku akiilima. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa mahali pa kuwazika na kuandika majina yao. Kanner alipokuja kumtazama mwaka 1945, alimkuta akigeuza farasi na plau kwa ustadi.

Je, mnaona walivyofanya? Hawakupigana na hesabu zake. Waliifunga hesabu kwenye kazi, na kazi ikamfunga kwa watu. Akiisha kupima kisima, lazima amwambie mtu.

Donald alisoma mpaka chuo. Alifanya kazi miaka mingi katika benki ya mji wake, benki ambayo jamaa ya mama yake walishiriki kuianzisha. Tusifiche kwamba jambo hilo lilimfungulia mlango. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27. Alicheza gofu, akasafiri nchi nyingi. Hakuoa. Maongezi yake yalibaki mafupi, na mpaka uzee alipenda kuwapa watu namba zake mwenyewe kama majina. Watu wa Forest walimjua, walimzoea, hawakumcheka. Alikufa mwaka 2023, mwenye miaka 89. Otizimu haikumtoka. Lakini aliendelea kujifunza baada ya miaka 20, baada ya miaka 25, na wale wasemao kwamba mtu mzima hajifunzi tena hawakumjua.

Upande wa pili wa maongezi

Maongezi yana watu wawili. Yasipokwenda, kwa nini tumpeleke mmoja tu shuleni?

Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake, huko Texas na kwingine, waliwaonyesha watu filamu fupi, picha na sauti za watu wenye otizimu na wasio nayo, bila kuwaambia ni nani. Mara moja, katika nukta chache, watazamaji waliwapenda kidogo wale wenye otizimu, na hawakutaka sana kukaa nao. Lakini waliopewa maneno tu yaliyoandikwa, bila uso wala sauti, hawakuona tofauti. Kumbe maneno yalikuwa mema. Kilichokataliwa ni namna ya kusimama, ya kutazama, ya kutoa sauti. Katika kazi nyingine, ya mwaka 2019, watazamaji walipoelezwa kwamba mtu huyu ana otizimu, walimpokea vizuri zaidi. Damian Milton wa Uingereza, ambaye mwenyewe ana otizimu, aliandika mwaka 2012 kwamba taabu hii ina pande mbili: sisi nasi hatuwafahamu wao.

Basi mafundisho ya bei rahisi kuliko yote ni kuwafundisha jirani. Mwambie mwenye kinyozi, mwambie kiongozi wa kwaya, mwambie mama auzaye maandazi, ila kwanza mwulize mwenyewe kama anakubali, maana ni habari zake: "Ndugu yangu hatazami usoni, lakini anakusikia. Usimpe maneno ya mafumbo. Mwambie wazi." Watu wengi ni wema wakielezwa. Wasipoelezwa hujitungia maelezo yao wenyewe, na yale mara nyingi ni mabaya.

Nyumbani tufanye nini?

Chagueni jambo moja tu, tena lile ambalo yeye mwenyewe analitaka. Tuseme anataka kununua sabuni mwenyewe. Msiende siku ya soko kubwa. Nendeni kwa muuzaji mmoja, saa ambayo watu ni wachache. Nyumbani semeni kwanza maneno yote: salamu, bei, asante, kwaheri. Badilishaneni, wewe uwe mnunuzi, yeye awe muuzaji. Kisha nendeni pamoja, naye akuangalie. Mara nyingine wewe simama hatua kumi nyuma. Baada ya majuma kadhaa atakwenda peke yake kwa muuzaji yule. Halafu, na hapa wengi husahau, mwanzisheni upya kwa muuzaji wa pili. Msidhani kwamba akijua mmoja amejua wote. Kama vile nyuso za Cambridge, lililofundishwa mahali pamoja hubaki pale mpaka lihamishwe kwa mkono.

Mwambieni kanuni ambazo wengine huzijua bila kuambiwa. "Mtu akitazama njia mara mbili mkiongea, anataka kwenda, mwache." "Ukiisha kusema mambo matatu juu ya madaraja, uliza mwenzako swali moja." Kwako ni jambo la kuchekesha. Kwake ni kama taa.

Ikiwa apenda mchezo wa telefone, na acheze, si dhambi. Lakini kaeni wawili, mshindane, mcheke, mngojeane zamu. Hapo mchezo umekuwa shule ya watu.

Kwa upande mwingine, msimlazimishe kukutazama machoni, wala msimpige kofi mikono yake ikitikisika. Wako wengi wenye otizimu ambao wamejifunza kuficha kila dalili ili wafanane na watu wote. Wachunguzi wameona kwamba wale wajifichao sana mara nyingi huchoka mno, huwa na hofu na huzuni, na wengine hufika kutamani kufa. Kijana akirudi kutoka kwa watu, mwacheni akae kimya mahali pake saa moja au mbili. Kwake ni kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali.

Na jihadharini na kila anayeuza kuponya. Hakuna dawa ya kunywa, wala enema, wala kufunga kamba, wala kumnyima chakula, iondoayo otizimu. Nyingine ya mambo hayo huua. Kumfungia mtu ndani au kumpiga ili "roho" imtoke ni kumtesa mtu asiye na kosa.

Lakini mleteni hospitali kwa mambo mengine yanayoweza kufuatana na hali hii. Kwanza kifafa: wengi wenye otizimu wanacho, na kifafa kina dawa. Akiisha kupewa dawa hiyo, msiikatize ghafula, hata akiwa amepona machoni penu. Pili masikio: asiyejibu aitwapo yawezekana hasikii, na hilo hupimwa. Tatu, akiacha kula, akiacha kulala, au akisema afadhali nife, msingoje juma lijalo. Njoni siku ileile.

Mkija, aje pia mtu aliyemjua tangu utoto, mama au dada mkubwa, maana munganga atauliza alianza kusema lini, alicheza namna gani, alipenda nini. Andikeni kwanza katika karatasi, msije mkasahau. Mwelezeni yeye mwenyewe tangu jana yake mtapita njia gani, mtakaa wapi, na nani atamgusa. Fikeni asubuhi mapema kabla chumba cha kungojea hakijajaa, mkamwambie muuguzi mlangoni kwamba kelele zamwumiza, ili mtafutiwe mahali pa kukaa nje chini ya mti mpaka mwitwe.